Aliyepaka Kompyuta Mafuta ya Ng'ombe ni Mimi

Wajina wangu Nyambura,

Wewe msichana, nani alikufundisha kunitumia salamu kwa mikono ya watu kama mtu anayetuma kibiriti? Mwaka umepita na zaidi. Mara sukari kwa mkono wa shangazi yako, mara leso kwa mkono wa mchungaji, mara "mwambieni shosho niko sawa" kwa simu ya jirani. Mimi ni nyanya yako, si posta. Mtu aliye na miguu miwili hubeba salamu yake mwenyewe, anafika mlangoni, anapiga hodi, anaulizwa kama amekula. Mlango wangu haujahama Elburgon. Na hiyo leso sijaifunga hata siku moja, ujue.

Hayo nimeyamaliza. Sasa nisikilize, na wengine wanaosoma hapa wasikilize pia, kwa sababu barua hii nimeiandika wazi makusudi. Moja inakuja kwako Thika. Nyingine nimempa Mzee Harjit aibandike kwa mlango wa duka lake hapo Nakuru, pale watu hubandika matangazo ya nyumba za kupanga. Anayekuja kununua misumari aisome. Anayekuja kununua rangi aisome, na asiyejua kusoma amwombe mwenzake. Neno baya nililokutupia nilikutupia mbele ya watu, na kwetu neno la mbele ya watu haliendi kufutwa jikoni.

Nianze na ile wiki yenyewe, maana nikianza na kosa nitakasirika nishindwe kuandika.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka jana. Ng'ombe alikuwa amenipiga teke la goti, ukaomba ruhusa kwa Mzee Harjit uje unipikie wiki moja. Ulifika na nguo kidogo kwa mfuko wa karatasi, na katoni kubwa umeifunga kwa kamba ya mkonge kama unabeba kondoo. Nikakuuliza, "Umeniletea nini?" Ukasema, "Si chako, shosh. Ni kazi." Nikakasirika kidogo, lakini nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimelala na goti limevimba kama kabichi.

Jioni ukanieleza, nami nakumbuka kila neno. Miaka miwili ulikuwa umeuza misumari kwa duka la Harjit, na huku nyuma ya duka ukitengeneza redio na kompyuta za watu. Sasa yeye alikuwa anataka kufungua chumba cha pili, cha kompyuta peke yake. Alikuambia hivi: mtengenezee kijana wangu Jaspal kompyuta ya kuchezea michezo, iwe kali kuliko zote hapa mjini. Siku ya kufungua tutaiwasha mbele ya wateja. Ikienda vizuri, chumba hicho utakisimamia wewe. Isipoenda, ataita fundi kutoka Nairobi.

"Msichana wa Elburgon asimamie duka Nakuru?" nikakuuliza.

"Kwani wa Elburgon hana mikono?"

Hapo nikakaa kitako kitandani. Jibu hilo lilikuwa langu. Ningelijibu hivyo mimi.

Uliifungua katoni juu ya meza yangu kubwa, ile babu yako aliitengeneza kwa mbao za mtarakwa. Kitu cha kwanza, ukatoa blanketi langu la sufi chumbani. Ati lina umeme. Blanketi! Nimelala nalo tangu baba yako akiwa mtoto na halijawahi kuwasha taa. Lakini ulisema sufi ikisuguana inatoa cheche ndogo ambayo mtu haioni, nayo inaweza kuua kompyuta, basi nikakuacha, nikalala na shuka mbili na koti.

Nilikuwa nimekuona ukifungua vitu tangu hujajua kufunga viatu. Redio ya babu yako uliifungua ukiwa darasa la pili, nikakuchapa kwa mwiko, halafu ukairudisha ikaanza kushika stesheni ambayo haikuwa ikishika. Nilirudisha mwiko mahali pake haraka. Na wewe ndiye uliyenikalisha chini wakati naenda ngumbaru, shule ya watu wazima, nikichanganya b na d, ukaniambia, "Shosh, b inatazama mbele, d inatazama nyuma." Mwalimu wa ngumbaru hakunipa maneno rahisi hivyo. Kwa hivyo haya maandishi yakikuchosha macho, ujilaumu wewe.

Turudi kwa meza. Ulitoa kadi mbili nzito, zimefunikwa plastiki nyeusi, kila moja na feni yake. Ukazipachika ndani ya kasha la kompyuta, moja juu, moja chini, zikalala sambamba kama rafu mbili za kabati.

"Hizi ni kadi za picha," ukaniambia. "Kila kitu unachoona kwa skrini, hizi ndizo zinakichora."

"Na kwa nini mbili? Skrini si ni moja?"

"Zinapokezana, shosh. Hii inachora picha moja, ile inachora inayofuata. Ndiyo gari likikimbia kwa mchezo lisikwamekwame."

"Nani anaziambia sasa ni zamu ya nani?"

Ukaweka bisibisi chini ukanitazama. "Shosh," ukasema, "kuna watu wamesomea hii kitu hawajawahi kuuliza hilo swali."

Nilijifanya sijasikia. Lakini nilisikia vizuri sana.

Ndipo ukatoa kale kadude. Kembamba, kadogo kama kidole changu, na mdomo huku na mdomo huku. Ukaniambia kanaitwa daraja. Kanakaa juu ya kadi zote mbili, mdomo mmoja unauma meno ya kadi ya juu, mwingine unauma meno ya kadi ya chini, na meno yenyewe ni ya rangi ya dhahabu. Zamu zinapita hapo. Daraja likilegea, kadi hazielewani tena.

Nikakuambia hayo mambo mimi nayajua. Babu yako alikuwa mpasuaji mbao kabla ya mashine kuja, ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja amesimama juu ya gogo, mwingine yuko shimoni chini. Mwenzake alipougua, mimi niliingia shimoni miezi mitatu, na mimba ya shangazi yako tumboni. Si nguvu inayopasua gogo. Ni kujua wakati wa kuvuta na wakati wa kuachia. Yeye akivuta na wewe unavuta, msumeno unasimama, mbao inaharibika, mnagombana mpaka nyumbani. Ulisikiliza mdomo wazi. Hukuwa umewahi kunisikia nikisema habari za shimo, na sijui ni kwa nini sikuwa nimekuambia.

Shida ilikuwa moja. Hako kadaraja kalikuwa kanashika kwa mdomo tu. Hakana ndoano, hakana skrubu. Ulisema kuna chuma chake kinachotoka kiwandani, cha kukakandamiza kasitoke, lakini kadi ulizinunua kwa mtu aliyezitumia na hicho chuma kilikuwa kimepotea kabla hazijafika kwako. Juu ya meza kalikaa. Ukagonga kasha kidogo, kakateleza upande. Ukakarudisha, ukagonga tena, kakateleza tena. Na sisi wawili tunaijua barabara ya kutoka hapa mpaka Nakuru.

Tulifikiria siku mbili. Wewe ukajaribu raba za kufungia noti, halafu ukaziondoa mwenyewe, ukasema ndani kuna joto, zitakatika. Nami nikaleta waya wa kufungia ua.

"Shosh, waya hapana! Waya ukigusa hapo kila kitu kinaungua!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

"Sijapiga kelele. Weka tu huo waya nje. Mbali."

Nikauweka nje. Mbali. Halafu nikakuambia, basi ni mbao. Mbao haipitishi umeme, hata mtoto anajua. Ukataka kuchukua kipande cha saipresi pale kwa mashine ya kupasulia mbao, nikakuuliza kama una akili. Mbao mbichi inakauka, ikikauka inapinda, ikipinda inaachia. Nikakupandisha kwenye dari ya jikoni, pale babu yako aliweka vipande vyake juu ya moshi, vimekauka miaka hata huwezi kuhesabu. Ukashuka umejaa masizi, umeshika kipande kimoja cha mtarakwa kama umeshika mtoto.

Randa nilipiga mimi, nimekaa kitandani, goti limenyooka. Ulinipimia kwa uzi: urefu huu, unene huu. Nikakata, nikalainisha, ukajaribu, ukarudisha, "Punguza kidogo, shosh." Nikapunguza. "Kidogo tena." Mara nane. Upande mmoja ukaufunga kwa skrubu nyuma ya kasha, mahali pale kadi zenyewe zinaposhikwa. Upande unaolala juu ya daraja ukabandika kipande cha tyubu ya baiskeli, ili ukandamize bila kuumiza. Ukakaza. Ukagonga kasha kwa kiganja. Kimya. Nikagonga mimi na mpini wa bisibisi. Kimya. Ukaliinua kasha lote ukalitikisa, nikakutukana, ukaliweka chini ukafungua. Daraja lilikuwa pale pale, limetulia kama mzee kanisani.

Sijui kama ulijua furaha niliyokuwa nayo siku hiyo. Sikusema. Nilisema chai imepoa.

Halafu ukaiwasha ukanipa kile cha kushika nikaendesha gari kwenye skrini. Barabara safi, milima, ziwa upande wa kulia. Nikaenda moja kwa moja ndani ya ziwa.

"Shosh, uko na leseni?"

"Hilo ziwa liko karibu sana na barabara. Ni makosa ya aliyejenga."

Ulicheka ukakaa chini. Nami nikarudi ndani ya ziwa mara ya pili, hiyo ya pili kwa kupenda.

Sasa kosa.

Siku ya kufungua duka ilikuwa Jumamosi. Asubuhi ulienda kuoga, mimi nilikuwa nimetoka kukamua, goti linaanza kukubali. Nikapita karibu na meza. Nikakumbuka yale meno ya dhahabu. Babu yako alipoacha msumeno aliendesha lori miaka mingi, na betri yake haikuwahi kufanya kutu, kwa sababu kila mwezi nilikuwa nampakia vichwa vya betri mafuta ya kukamulia ng'ombe. Madereva wote wa hapa walikuwa wanafanya hivyo. Alikuwa anasema, chuma kinachopitisha umeme kisipopakwa, unyevu utakila. Nami nikafikiri: Nakuru kuna vumbi, hapa kuna ukungu, huyu mtoto hajui.

Skrubu za ubavu wa kasha ulikuwa umenionyesha zinafunguliwa kwa vidole. Nikafungua. Nikalegeza mbao yetu, nikavuta daraja, nikapaka mafuta. Meno ya juu, meno ya chini, midomo yote miwili. Kidogo tu, vile mama anavyompaka mtoto kabla ya kwenda kanisani. Nikarudisha kila kitu na nikakaza mbao kadiri mkono wangu ulivyoweza, na mkono wangu umekamua miaka hamsini lakini bisibisi haujaizoea. Nikafunga ubavu. Ulipotoka bafuni nilikuwa natafuta viatu vyangu.

Sikukuambia. Nilitaka kukuambia baadaye, mashine ikishinda, niseme, "Na mimi nilitia mkono wangu." Hicho ndicho kiburi changu chote, unakijua.

Lori la mbao lilitushusha Nakuru mchana. Mzee Harjit alikuwa amefagia mpaka barabarani, amepanga viti vya plastiki, kuna chai, kuna bhajia, na watu wamejaa: wateja wake, mafundi wa mjini, majirani wa duka. Mimi nikawekwa kiti cha mbele. Nilikuwa nimevaa ile nguo yangu ya Pasaka, ya kola nyeupe. Jaspal alikuwa anarukaruka kama mbuzi ingawa ni mtu mzima wa chuo.

Ukaiwasha. Gari likaanza kukimbia na watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Halafu skrini ikaanza mistari mistari, kama mtu anachana leso. Halafu gari likaganda katikati ya kona.

"Nyambs, imehang!" Jaspal akasema.

Kuna fundi mmoja nyuma akapaza sauti, "Rudi kwa misumari, madam!" Watu wakacheka. Sitataja jina lake. Anajijua, na leo anasoma hapa.

Ulizima ukafungua ubavu. Nilikuwa karibu kuliko wote, nikaona. Mbao ilikuwa imelegea, na daraja limetoka mdomo mmoja, linaning'inia kama jino la mtoto. Ukalishika kwa vidole viwili, likateleza. Ukavitazama vidole vyako. Ukavinusa.

Halafu ukanitazama mimi.

Umelelewa kwa ile harufu, Nyambura. Huwezi kuikosea. Na mimi niliona kwamba umejua.

"Ni nini?" Mzee Harjit akauliza.

"Ni mimi, Mzee," ukasema. "Sikukaza vizuri."

Ulisimama mbele ya watu wote hao, na kazi yako iko kwenye mizani, ukaubeba mzigo wangu bila hata kupepesa jicho. Na mimi nilifanya nini? Nilisimama kwa goti langu bovu na nguo yangu ya Pasaka nikasema: "Ndiyo hiyo haraka yako! Nilikuambia usomee ualimu ukakataa. Mikono yako haijatulia tangu utoto. Umenitia aibu mbele ya watu!"

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu. Na mkono nilioukunja ngumi ulikuwa bado unanuka mafuta.

Mtu asiniambie sikuwa najua. Nilijua. Niliogopa waseme, tazama huyu mwanamke wa ngumbaru, ameingiza mkono wake kwa kitu asichokijua. Niliogopa kuchekwa, basi nikakuacha wewe uchekwe.

Ulimwomba Jaspal raba yake ya kufutia penseli, ukayasugua yale meno moja moja, taratibu. Ukachukua spiriti upande wa rangi, ukafuta kwa kitambaa. Ukarudisha daraja, ukakaza mbao. Ikakimbia mpaka jioni bila kusimama hata mara moja. Lakini watu walikuwa wameshaondoka na neno langu mkononi. Wiki iliyofuata Mzee Harjit akaita fundi wake kutoka Nairobi, na mwezi wa tisa wewe ukaenda Thika.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, ule wa fujo za baada ya kura, sitauandika. Kila mtu wa pande hizi anaujua. Nitasema hili tu: siku nilizolala kwenye uwanja wa kanisa na blanketi langu, sikuwa nafikiria ng'ombe wala nyumba. Nilikuwa nafikiria kwamba nikifa hapa, neno la mwisho mjukuu wangu alilonisikia nikimwambia ni lile. Halafu mambo yakatulia, nikarudi nikakuta nyumba iko na ng'ombe yuko, na kama mjinga nikarudi kunyamaza.

Usifikiri naandika nikilia. Sina shida. Goti limepona kabisa, viazi vya mwaka huu vimekuwa vikubwa hata vinatisha, ng'ombe amezaa ndama jike. Shangazi yako ameniambia unatunza kompyuta za shule tatu huko Thika na walimu wanakuita "madam" bila kukucheka. Nilipoambiwa hivyo nilienda nyuma ya nyumba nikasimama tu. Ningekuwa mtu wa kuimba ningeimba.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Wiki tatu zilizopita nilienda kwa Mzee Harjit kununua misumari ya zizi. Akaniambia yule wa Nairobi ameondoka, chumba cha kompyuta kimefungwa. Nikasema pole. Halafu akasema, kwa upole, maana ni mtu mpole:

"Mama, mimi nilimpenda sana huyo msichana wako. Lakini ile kompyuta fundi wangu aliifungua akakuta mafuta kwa kona, na manyoya ya ng'ombe ndani yake. Manyoya, Mama! Nikasema, mtu anayepaka kompyuta mafuta ya ng'ombe nitampa duka namna gani? Na mafundi wa hapa wamemwita hivyo mpaka leo. Fundi wa mafuta."

Nikakaa juu ya gunia la simiti bila kukaribishwa. Kumbe halikuwa neno langu peke yake. Walikuwa wanakucheka mwaka mzima kwa kazi ya mkono wangu, na jina lako ndilo limechafuka, na fundi hana kingine cha kuuza ila jina lake.

"Ni mimi," nikamwambia.

"Wewe nini, Mama?"

"Mafuta. Nilipaka mimi, akiwa anaoga. Yeye hakujua. Alijua hapa hapa, mbele yako, aliponusa vidole."

Aliweka misumari yangu kando. Kisha akauliza, "Na kwa nini hukusema siku ile?"

"Kwa sababu nilikuwa nimevaa nguo ya kanisa."

Hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya duka, pale Jaspal huweka mashine yake akiwa likizo. Akafungua ubavu. Nyambura, mbao yetu iko! Imekuwa nyeusi kidogo kwa joto, lakini iko. Jaspal mwenyewe alikuwa hapo, akaniambia yule wa Nairobi aliitoa akaleta chuma cha kununua, kizuri, kinang'aa, na baada ya wiki mbili daraja likaanza kuteleza tena, maana kile chuma kilikuwa cha kasha la aina nyingine. Wakairudisha mbao. Haijateleza tangu siku hiyo. Niliisukuma kwa kidole kimoja, nikiwa nimekikausha kwanza kwa leso, na haikutikisika.

Kwa hivyo mafundi wa Nakuru mnaosoma, sikieni vizuri. Betri ya lori ni betri ya lori. Meno ya kadi hayapakwi mafuta, wala ya ng'ombe wala ya kichwa, hayapakwi kitu. Yakichafuka yanasuguliwa kwa raba ya penseli. Hayo alinifundisha Nyambura kwa vitendo, wakati mimi nimemaliza kumtukana. Na kama daraja lenu linateleza, msikae mnacheka watu, tafuteni mbao iliyokauka. Anayetaka kumwita mtu fundi wa mafuta, aje Elburgon aniite mimi. Nitakuwa zizini.

Na wewe, wajina. Nilikosa. Nimeliandika, nimelisoma tena, na silifuti. Ulinifunika mbele ya watu na mimi nikakuvua mbele ya watu hao hao.

Mzee Harjit anasema chumba kiko na ufunguo anao. Thika ukipapenda zaidi, kaa Thika, hilo ni lako, sitakuamulia. Lakini Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao uje Nakuru, saa sita mchana. Nimemwambia apange viti kama siku ile na aite watu wale wale, hata yule aliyekuambia urudi kwa misumari. Mimi nitakaa mbele. Usinisalimie kwanza, usiniulize habari ya ng'ombe. Simama pale niliposimama mimi, unikemee. Najua kwetu mtoto hakemei mkubwa. Mkubwa mwenyewe amekuruhusu, na ameandika. Usinionee huruma na usiseme polepole. Sema mpaka wa viti vya nyuma wasikie.

Ni mimi shosho yako,
Elburgon.